Suke la Ndege

Nakumbuka asubuhi moja ya Desemba, mwanangu, kwa sababu ndiyo asubuhi niliyojimwagia uji wa moto miguuni nikiwa nimesimama wima, sijasukumwa na mtu.

Picha ya Mfalme wa Waingereza ilikuwa bado inaning'inia ukutani shuleni kwetu. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya kati, nimevaa kaptura ya kaki na nina akili nyingi kuliko kichwa cha kuzibebea. Nyumbani kwetu, jirani na Ihanja, zahanati ya misheni ilikuwa ng'ambo tu ya korongo. Ukisimama uani unaliona paa lake. Basi nimesimama na bakuli langu, naangalia ng'ambo, namwona Mama Muuguzi, yule Mzungu mzee wa nywele nyeupe, amepanda juu ya kiti. Amechomeka mti mrefu ardhini, na kileleni mwa mti ule anafunga mtama.

Wala halikuwa suke moja. Kilikuwa kicha kizima cha masuke yaliyonona, kimefungwa utepe mwekundu kama bibi harusi. Akashuka, akarudi nyuma hatua chache, akakitazama, akapiga makofi kwa furaha. Ndege wakaja, wakaanza kula.

Ndipo uji ukamwagika.

Wewe unayenunua unga kwenye mfuko huko mjini huwezi kushtuka kama nilivyoshtuka mimi. Desemba kwetu ni mwezi wa kulima na tumbo tupu: mtama wa zamani umebaki chini kabisa ya kihenge, na mtama mpya bado uko mikononi mwa Mungu. Na msimu uliopita kwelea walikuwa wametushukia kama wingu lenye midomo. Tulilinda shamba tangu jua halijachomoza, tukapiga makopo, tukarusha kombeo, tukapiga kelele mpaka sauti zikaisha. Nao wakala mbele ya macho yetu bila hata kutuogopa. Ndege alikuwa adui yetu kabla Mjerumani hajaja, na baada ya Mjerumani kuondoka. Sasa mtu mzima, tena mwenye miwani, anawatundikia chakula! Na mtama wenyewe ni ule tuliompelekea sisi kwa shukrani, alipomtibu baba yangu kidonda.

Nilikimbia kumwambia Baba. Mimi, ambaye hata leo nikitumwa dukani nauliza kama hakuna mwingine wa kutumwa, nilikimbia.

Baba alikuwa na jirani yetu Mzee Ntandu, ambaye kwelea hawakumwachia hata pishi moja. Nilipomaliza kusema, Mzee Ntandu aliinuka, akaenda uani kujionea, akarudi uso umembadilika.

"Anawaita," akasema.

"Anawaita nani?" nikauliza.

"Ndege, mjinga wewe! Ukitaka mbwa akuzoee unamtupia nini? Mfupa. Huyu anawatupia mtama ili wayazoee mashamba yetu. Na ule utepe umeuona? Mwekundu! Ile ni dawa."

Jua halijafika utosini, habari ilikuwa imefika kila boma. Waliokuwa wamekwenda kufungwa vidonda wakarudi na vidonda vyao. Usinicheke, mwanangu. Mimi msomi nilikuwa nasimulia kwa mikono yote miwili, na kila nikisimulia utepe unaongezeka urefu.

Sasa sikiliza shida ilipokaa. Dada yangu Yunis alikuwa amekuja kwetu kutoka kwa mumewe kule Mkiwa, ana mimba ya mwezi wake. Hakuja kututembelea. Mtoto wake wa kwanza alikuja ametanguliza miguu, akafa mlangoni mwa dunia, na Yunis mwenyewe alirudishwa kwa shida. Mama Muuguzi alikuwa amempima, akamwambia: "Huyu pia amekaa vibaya. Uchungu ukianza tu, njoo. Usingoje." Kwa hiyo alikuwa amekuja kukaa karibu na lile paa la ng'ambo.

Baba akatoa amri. "Hakuna mtu wa boma hili atakayevuka korongo."

Yunis alikuwa anapepeta mtama. Aliweka ungo chini taratibu.

"Baba, wa kwanza nilimzalia humu humu ndani."

Baba akaangalia pembeni. "Mtu anayelisha ndege watu wakiwa na njaa, nitamkabidhije mwanangu?"

 Mimi ndipo nilipoona ile habari yangu tamu imefika wapi.

Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa amekaa pembeni ya kihenge. Hakuwa amebatizwa, alisema maji ya kisimani yanamtosha. Akatema ugoro wake, akauliza:

"Mmemuuliza?"

"Tumuulize nani, Mama?"

"Mwenye mti wake."

Mzee Ntandu akaguna. "Mchawi haulizwi."

"Ndiyo," akasema Bibi, "na asiyeulizwa ndiye anayekuwa mchawi." Akanyoosha fimbo akanigusa nayo kifuani. "Wewe kaptura, twende. Utanitafsiria."

Tulivuka korongo, yeye mbele na mimi nyuma, natembea kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Tulimkuta Mama Muuguzi amekaa barazani peke yake, hana mgonjwa hata mmoja, mikono mapajani. Nilimwamkia. Bibi hakungoja kukaribishwa kukaa.

"Muulize," akaniambia kwa Kinyaturu, "kama yeye ni mchawi."

Mwanangu, jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti. Nikageuka, nikasema kwa Kiswahili changu kizuri cha shule, "Bibi anauliza habari za nyumbani kwenu."

Yule mama akamtazama Bibi, akamjibu kwa Kinyaturu kilichonyooka kuliko changu: "Mimi si mchawi, mama. Na habari za nyumbani kwetu sijazipata tangu masika."

Nilitamani korongo linimeze. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu aliyezalisha wanawake wetu miaka yote ile alijifunza lugha mahali ambapo hakuna anayesema uongo.

Basi kazi ya ukalimani ikaniishia, wakazungumza wenyewe kwa wenyewe. Yule mama alisema kwao Krismasi huja na baridi kali, ardhi yote imefunikwa theluji nyeupe kama unga, na ndege hana pa kudonoa. Bibi yake alikuwa anaweka suke la nafaka la mavuno yaliyopita, analifunga juu ya mti mrefu uani. Hakuna nyumba ya kijijini kwao iliyokosa. Yeye mwenyewe mwaka huu alikuwa amewakumbuka watu wake sana, akaona afunge.

"Bibi yako aliwapenda ndege?" Bibi akauliza.

"Hapana. Aliwachukia kama nyie. Alisema ukimpa ndege sikukuu yake, wakati wa mavuno atakuonea haya."

 Bibi akashika fimbo kwa mikono yote miwili.

"Na uji pia alikuwa anaweka," akaendelea yule mama, sasa anacheka huku macho yamelowa. "Bakuli la uji penye mlango wa zizi, siku ya mkesha wa Krismasi. Wa yule mlinzi wa boma asiyeonekana. Mchungaji akamkemea. Bibi yangu akamwambia, uji ni wa paka."

Hapo, mwanangu, Bibi alikaa chini. Alikaa chini kama mtu aliyepigwa. Akamtazama yule mwanamke tangu viatu mpaka nywele, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Kumbe na nyie mna bibi!" akasema.

Usidhani ni Bibi peke yake aliyeshtuka. Mimi shuleni nilifundishwa, au nilijifundisha mwenyewe, kwamba Krismasi ilitoka Bethlehemu ikaenda Ulaya moja kwa moja, ikafungwa kwenye sanduku, ikaletwa kwetu kavu. Hakuna aliyeniambia kwamba njiani ilipita penye zizi la ng'ombe la kikongwe fulani, ikalishwa uji. Sikuwahi kuwaza kwamba Mzungu aliwahi kuona njaa. Nilidhani walizaliwa na miwani.

Tulipokuwa tunarudi, Bibi alisimama katikati ya korongo akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyeona kwanza."

"Ndiyo, Bibi."

"Ulikuwa umesimama katikati ya nyumba mbili. Kwenye nyumba moja kuna mwenye jambo, kwenye nyingine kuna wenye hofu. Ukakimbilia wapi?"

Nikaangalia miguu yangu iliyoungua uji.

"Mila ya mtu ni kama kitovu chake," akasema. "Kila mtu anacho. Kilifungwa na mtu mwingine, yeye mwenyewe akiwa hajijui. Ukitaka kujua kilivyofungwa, muulize kwa upole. Usikivute."

Tulipofika, Baba na Mzee Ntandu walikuwa wapo pale pale. Bibi hakuwaeleza kitu. Aliingia jikoni. Wewe hujaona jiko la zamani: juu ya mafiga, kwenye moshi, ndiko tulikotundika masuke ya mbegu, yameiva masizi ili wadudu wasiyaguse. Mbegu hailiwi. Mtu hufa njaa huku mbegu inaning'inia juu yake. Bibi akanyoosha mkono, akachomoa suke moja, akatoka nalo nje.

Baba aliruka. "Mama! Mbegu!"

"Ndiyo, mbegu. Kijana huyu atapeleka ng'ambo, alifunge pamoja na yale mengine."

"Umerogwa!" Mzee Ntandu akasema, amesimama.

"Mnayaona yale masuke ninayoyaacha shambani kila mavuno, pembe ya mawio?" Bibi akauliza. "Mnapita nyuma yangu mnayakata, mnasema mama kazeeka, haoni. Mlidhani mimi kipofu? Mama yangu aliacha, na mama yake aliacha. Fungu la ndege. Nilinyamaza kwa sababu mlibatizwa, mkawa mnaona haya. Leo nimekutana na mwanamke wa mbali ambaye bibi yake alifanya hivyo hivyo, naye pia akafokewa."

Baba akarudi nyuma hatua moja. Nakuambia kweli, sijawahi kuona mtu mzima amepigwa na butwaa kiasi kile. Maana aliyekuwa anayakata yale masuke kila mwaka alikuwa yeye.

Na Yunis, aliyekuwa amesimama mlangoni, akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ndogo, "Imeanza."

Bibi akamtazama Baba, mwanawe. "Huyu anavuka."

 Baba alikwenda ndani akatoa kitanda cha kamba. Yeye akashika mbele, mimi na kijana mmoja wa jirani tukashika pembeni, upande mmoja ukabaki hauna mtu. Mzee Ntandu akauangalia, akatukana chini chini, akaja kuushika. "Nashika kitanda tu," akasema. "Sijashika imani ya mtu."

Mtoto alikuja kwa miguu, kama yule wa kwanza. Sisi wanaume tulikaa nje, na kivuli kilikuwa kimoja tu, kidogo, cha ule mti wenye mtama, tukajibana hapo hapo. Nilikuwa nimeshafunga suke letu jeusi la moshi kati ya yale manono. Ndege walikuwa wanakula bila kutujali: shomoro, chiriku, vijidege vya uani tu. Kwelea hakuwepo hata mmoja. Makapi yalikuwa yanadondoka juu ya kofia ya Mzee Ntandu, naye hayafuti. Ndani Yunis alikuwa analia, kisha akanyamaza. Kile kimya kilikuwa kirefu mpaka Baba akashika ule mti kama mtu anayetaka kuanguka.

Halafu akalia mwingine, mdogo, mwenye hasira.

Yule aliyelia ndiye bibi yako, mwanangu, aliyemzaa mama yako. Sasa umejua kwa nini nakuita mwanangu wakati wewe ni kitukuu, tena wa kupitia kwa dada: wote wa tumbo lile ni wangu, nilikaribia kuwapoteza, mama na mtoto, kwa mdomo wangu.

Usitarajie niseme kwamba kwelea hawakuja msimu ule. Walikuja. Kwelea hawana dini. Tulipiga makopo na kupiga kelele kama kawaida, tukaambulia kiasi. Ila wakati wa kuvuna nilimwona Baba anaruka masuke kadhaa pembe ya mawio. Nikamwambia, "Baba, umesahau hapa." Akanijibu, "Funga mdomo, uvune."

Mimi baada ya hapo niliendelea na shule mpaka sekondari, kisha nikarudi nyumbani kama kuku jioni, na dunia nimeizunguka nikiwa kitini. Juzi ulikuja na simu yako, ukanisomea sikukuu za watu: wapi wanamwagiana maji barabarani, wapi wanapakana rangi, wapi wanawaandalia marehemu mikate, wapi wanaingiza mti ndani ya nyumba. Kila moja ukaikatia hukumu: hii ya kishenzi, hii ya shetani, hii ujinga. Nilikusikia, nikakiona kile kicha cha mtama na ule uji miguuni pangu. Sikukukatiza, kwa sababu ulisoma vizuri, na pia nilikuwa nasinzia.

Sasa nakuambia. Ukiona mila ya mtu inakushtua, shtuka. Kushtuka si dhambi. Lakini miguu yako iende kwa mwenye mila kabla ulimi haujaenda kwa jirani. Muulize nani alimfundisha, naye alifundishwa na nani. Mara nyingi mwisho wa njia hiyo utamkuta kikongwe mmoja aliyeogopa njaa, au aliyewapenda wajukuu. Na za kwetu pia, kabla hujazionea haya, uliza. Usipite nyuma ya wazee unakata masuke ukidhani wamesahau.

Nenda salama huko mjini. Mungu akupe shamba, hata kama shamba lako ni meza ya ofisi. Akupe suke la kula, suke la mbegu, na moja la kuacha pembeni. Na siku utakayokuwa mgeni kwa watu, ukafanya jambo la kwenu wakashtuka, akuletee mtu mmoja wa kuvuka korongo aje kukuuliza.