Picha ya Jumamosi

Chahida hakusomea kompyuta popote. Alifundishwa siku nne na Irfane, fundi aliyevuka bahari kutoka Moroni, mji mkuu, kuja kuwafungia mashine, ambaye kila mchana alikula wali na pweza kwa Chahida, na siku nne zilipoisha akarudi kwao. Mengine Chahida aliyapata mwenyewe, kwa kubofya huku akiomba Mungu. Kazi yake ilikuwa kutunza orodha ya nyumba za mawe za mji wa kale wa Mutsamudu, kwa niaba ya chama kimoja cha wenyeji: mlango upi, birika lipi la maji, na zaidi ya yote, nyumba ya binti gani. Maana kule, jamani, baba humjengea binti yake nyumba, na mume ndiye anayehamia kwa mke na sanduku lake.

Kila Jumamosi, kabla ya chai, alifungua kwenye skrini dirisha lenye diski iliyochorwa vipande vya rangi, akabofya kitufe, na diski nzima ikapigwa picha. "Ukiharibu kitu, dada, utaikuta orodha ilivyokuwa saa ile," Irfane alimwambia. Chahida akaamini kwamba picha hukaa tu, kama ile ya harusi ya wazazi wake ukutani.

Februari ya mwaka 2008 wakubwa wa kisiwa na wakubwa wa Moroni walikuwa hawasikilizani kabisa. Boti zilikuwa haba na mafuta ya taa hayapatikani. Batoul, mdogo wake Chahida, alikuwa ameshaondoka tangu mwaka uliotangulia, kwa sababu mumewe Mroudjae ni mtu wa Itsandra, kwenye kisiwa cha Ngazidja uliko Moroni, na mtu wa Ngazidja hakutazamwa tena kwa jicho zuri vichochoroni. Nyumba yao, ukuta kwa ukuta na ya Chahida, ilifungwa.

Jumamosi moja, picha ikiwa imeshapigwa, mwenyekiti wa chama akaja kusimama nyuma ya kiti chake. Aliitwa Bwana Combo.

"Chahida, marehemu baba yako aliacha mabinti wangapi?"

"Unatujua wawili, Bwana Combo. Harusi zetu zote umekula."

"Nimekula, na nyama ilikuwa ngumu." Akacheka. "Leo andika mmoja. Nyumba zote mbili ziwe zako, ile ya pili wakae vijana wangu. Mdogo wako si kaenda kwa wakwe?"

Chahida alingoja hasira ije. Haikuja, wala hofu haikuja. Alisikia feni ya kompyuta tu. Vidole vikaenda vyenyewe: jina la Batoul likafutika, akahifadhi, akaenda kupanga foleni ya mkate. Mashahidi waliosimama siku baba alipotoa nyumba walikuwa wamekufa wote, na karatasi ilikwishaliwa na mchwa. Maandishi pekee yaliyosema ile ni nyumba ya Batoul yalikuwa hayo aliyoyafuta.

Lakini picha ipo, alijiambia.

Bwana Combo akaleta makarani wawili waingize upya milango yote ya mji. Jumatano Chahida alipofungua lile dirisha, pembeni ya picha ya Jumamosi paliandikwa asilimia sitini na moja. Picha ya wiki iliyotangulia ilikuwa na alama nyekundu ya msalaba, na alipoibofya haikufunguka. Akapiga simu Moroni. Laini ilishika siku ya tatu, asilimia zikiwa themanini na nane.

"Chahida! Mko hai huko?" Irfane akapaza sauti.

"Tupo. Picha yangu inajaa. Kuna makarani wanaandika upya milango yote."

"Picha haibebi diski nzima, dada. Kila mnapobadilisha kitu, kile cha zamani kinahamishiwa kwenye nafasi ya picha. Nafasi ikijaa, picha imekufa, haifufuki."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia! Wewe ulikuwa unaniongezea pweza." Kisha akaacha mzaha. "Usibofye kitufe cha kurudisha, utafuta na kazi yao yote. Ifungue kama folda, unakili orodha kwenye flashi. Na hao waache kuandika!"

Kuwaambia waache asingeweza. Akainama chini ya meza, akachomoa waya unaowaunganisha makarani na mashine yake.

"Mtandao umekufa!" karani mmoja akalalamika.

"Kila kitu kimekufa hapa, bado wewe tu," mwenzake akamjibu.

Orodha ikanakiliwa polepole. Chahida alipochomoa flashi, picha ilisimama kwenye tisini na saba. Akarudisha waya, na kabla ya adhuhuri msalaba mwekundu ukatokea. Akafunga flashi kwenye ncha ya shiromani, nguo aliyojitanda, akaenda kupika.

Mwishoni mwa Machi majeshi ya Moroni yakatua kisiwani, wakubwa wa kisiwa wakabadilika, boti zikarudi. Aprili Chahida akavuka hadi Moroni. Kwa Irfane wakachapisha karatasi mbili: orodha ya kwenye picha, na orodha ya sasa, ambayo pia alikuja nayo kwenye flashi.

"Mpe mdogo wako hii ya kwanza tu," Irfane akasema. "Kwa kadhi inatosha."

Batoul alikuwa akiishi Itsandra, katika nyumba ya dada zake Mroudjae. Kwa Wangazidja nao nyumba ni ya mwanamke, kwa hiyo mke kukaa kwa mawifi ni aibu isiyohitaji kutajwa. Hata hivyo ilitajwa. "Karibu," wifi mmoja alimwambia Chahida mlangoni. "Mgeni wa mgeni wetu."

Chahida akatoa karatasi zote mbili. Batoul akasoma ya kwanza: mabinti wawili, nyumba mbili. Akasoma ya pili: binti mmoja. Chini yake mashine ilikuwa imeandika aliyebadilisha ni nani, siku gani, saa ngapi.

"Ni wewe, dada?"

"Ni mimi."

"Walikushikia bunduki?"

"Hapana. Combo alisimama tu."

"Ulijisikiaje?"

Chahida akatafuta jibu, kwa dhati kabisa. "Sikujisikia. Hata sasa bado."

Batoul akazikunja karatasi zote mbili pamoja, akazitia kifuani.

"Boti ya kesho inaondoka saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Nakwenda kwangu," Batoul akasema, kwa sauti ya kufika mpaka jikoni kwa mawifi. Kisha, kwa chini: "Ndani ya boti usikae karibu yangu."

Chahida akaitikia kwa kichwa. Kesho yake alikaa nyuma, karibu na magunia ya vitunguu. Safari nzima hakuondoa macho kwenye kisogo cha mdogo wake.