Ruzuku ya Paa la Nyasi

Kanisa letu katika kambi ya Nakivale lilijengwa na wakimbizi waliotutangulia miaka mingi, kwa udongo na paa la nyasi. Sisi tuliotoka Kivu ya Kusini tulilikuta likivuja. Kila familia ikang'oa bati moja kwenye paa la jiko lake, tukaliezeka upya, na matundu ya misumari tukayaziba kwa sabuni.

Kisha akaja ofisa kutoka Mbarara. Alisema serikali ina ruzuku ya kutunza majengo ya kale, na letu linastahili. Alizipapasa zile kuta kwa upole mpaka nikampenda. Halafu akatazama juu.

"Hii mabati toa yote," akasema. "Weka nyasi kama zamani. Serikali italipa."

Mama yangu alikuwa akifagia. Akasimama. "Na mvua ikinyesha, baba, tutaombea fasi gani?"

"Nyinyi mtaomba nje. Hii itakuwa ya kuangalia tu."

Wazee wa kanisa wakacheka, naye akacheka, akidhani wamekubali. Mama hakucheka. Alimpa soda, akamsindikiza mpaka kwenye gari, akamwambia mabati yatabaki, akarudi kufagia.

Ruzuku ikaenda kwenye nyumba ya zamani ya wakoloni, karibu na kambi ya jeshi pale Mbarara. Nikienda sokoni mjini huko huipita, na kila mara hasira hunipanda. Paa lake halivuji hata tone, na ndani hakuna wa kunyeshewa.