Matroni Aliyeomba Fedha za Baiskeli

Vita vya mpakani kwetu vilipokwisha nilikuwa muuguzi katika hospitali moja ya misheni wilayani Muleba. Sabuni ilikuwa ya kugawana, sukari tuliisikia tu ikitangazwa redioni, na mashuka ya wodini yalikuwa na viraka juu ya viraka. Katika hali hiyo matroni wetu alianza kuomba fedha za utafiti. Wengi tulidhani kazi imemchosha akili.

Alikuwa mama wa Kilutheri, mrefu, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Mimi ni Mkatoliki, mtoto wa Kashozi, nililelewa na masista, na nilizoea wakubwa wanaofoka. Yeye hakufoka. Ukikosea alikuuliza swali, kisha akasubiri jibu hadi ukatamani angefoka.

Mgonjwa aliyeanzisha mambo yote alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikwenda vitani na mgambo wa kijiji chao, akavunjwa mguu na bomu. Alilazwa miezi mingi, akapasuliwa mara nne, na kila maumivu yalipozidi alichomwa sindano ya kuyatuliza. Mguu ulipona, akabaki na fimbo. Lakini mwili ulikuwa umeizoea ile sindano na haukutaka kuiacha. Akiikosa alitetemeka, akatapika, akatoka jasho la baridi. Aliuza redio, kisha baiskeli, akiitafuta sindano hiyo kwa watu wa vichochoroni. Kijijini wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ni uvivu uliotafuta jina.

Hakuwa peke yake. Alikuwapo dereva wa lori la kahawa aliyepata ajali, na mkunga mmoja wa zahanati aliyeanza kujichoma mwenyewe baada ya kufanyiwa upasuaji. Hawakuwa wengi, lakini wote walikuja kwetu, na daktari aliwapa matibabu ya namna moja: dawa ya maji ya mofini, kikombe kidogo kila asubuhi, wanywe mbele yetu, ikipunguzwa kidogo kidogo kwa miezi mingi mpaka mwili ujifunze kuishi bila dawa hiyo. Dawa ilifungiwa kabatini na kila tone liliandikwa.

Matibabu yalifaa kwa aliyekuja. Shida ilikuwa kwamba hawakudumu kuja. Mwalimu alikuja wiki tatu, akapotea. Akarudi amekonda, tukaanza upya, akapotea tena. Mara ya tatu muuguzi mwenzangu alisema, "Mtu asiyetaka kupona tutamfanyaje?"

Matroni alikuwa akikunja bandeji. "Nani amemuuliza kama hataki?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Siku hiyo aliniita ofisini kwake. Alijua nimejifunza kupiga taipu Bukoba mjini, nilipokuwa nikikaa kwa shangazi yangu mtaa wa Kashai. Akanisomea barua niipige. Sentensi moja bado naikumbuka: "Dozi tunaijua, kinachowafanya watu waiache hatukijui, na tunaomba msaada wa kukijua." Barua ikaenda mkoani, na kutoka mkoani ikapelekwa wizarani Dar es Salaam.

Jibu lilichukua miezi. Lilisema utafiti ni kazi ya chuo kikuu, hospitali za wilaya ziendelee kutibu. Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Yeye aliisoma barua amesimama dirishani, akacheka kidogo.

"Wametujibu," akasema. "Maana yake wameisoma. Weka karatasi nyingine."

Tuliandika mara tatu. Baada ya ile ya tatu walikuja wageni wawili kutoka wizarani, na mmoja wao alikuwa daktari mwenye miwani mizito, mtu wa maneno machache. Aliketi na orodha ya matroni mkononi.

"Ndugu Matroni, umeomba baiskeli mbili, madaftari, viti na majani ya chai. Huu ni utafiti gani?"

"Ndugu Daktari, nikitaka kujua kwa nini mtu hakuja, siwezi kumuuliza aliyekuja. Lazima nimfuate huko aliko. Ndiyo maana ya baiskeli."

"Na chai?"

"Mtu aliyesimama mlangoni na kikombe cha dawa hasemi ukweli. Aketi kwanza."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaandika jambo pembeni mwa orodha. Sikuliona, lakini kabla ya mvua za vuli fedha ziliidhinishwa, na baiskeli zikashushwa kwenye basi la Bukoba zikiwa bado zimefungwa makaratasi.

Moja nilipewa mimi. Kabla sijaondoka matroni alinifundisha namna ya kuuliza. "Usimuulize kwa nini hukuja. Hilo ni swali la polisi. Mwambie akusimulie siku ya mwisho aliyokuja ilikuwaje."

Nilimkuta mwalimu nyuma ya nyumba, ameketi kivulini kwenye kibanja, shamba lake la nyumbani, migomba imeachwa bila kupogolewa. Mkewe alinipa kahawa za kutafuna kama mgeni wa heshima, akaingia ndani ili tuzungumze. Niliuliza kama nilivyofundishwa. Akaanza kusimulia.

"Siku hiyo nilitembea saa mbili kwa mguu huu. Nikafika kwenye dirisha la dawa, mkaniita jina kwa sauti. Nyuma yangu alikuwapo mzazi wa mwanafunzi wangu. Akaniuliza kwa Kihaya, watu wote wakisikia, kama bado nakunywa ile dawa ya walevi. Nikanywa. Nikatembea saa mbili nyingine kurudi. Siku ikawa imekwisha. Shamba sijalima, darasa sina. Nimekuwa mtu wa kwenda kufuata kikombe, basi."

Aliyeita jina lake kwa sauti siku ile ni mimi. Sikumwambia. Nadhani alijua.

Niliporudi nikamsimulia, matroni aliyaandika maneno hayo daftarini kama yalivyo. Nilipojaribu kuyafupisha alinizuia. Kesho yake dirisha la dawa lilihamishiwa upande wa bustani, na waliokunywa dawa ile wakawa wanaingia ofisini kwake mmoja mmoja, wanaketi, wanapewa chai. Lakini hakuridhika. Alirudia kuisoma ile sentensi kuhusu kufuata kikombe.

Wakati huo nchi nzima ilikuwa kwenye kisomo cha watu wazima. Wodi yetu ya kifua kikuu ilikuwa imejaa watu waliolazwa kwa miezi, wengi hawajui kusoma, na mwalimu aliyeahidiwa na kata hakuwahi kutokea. Matroni akachukua baiskeli ya pili, akaenda mwenyewe kwa yule mwalimu mgonjwa wetu. Nilimfuata.

"Mwalimu, waitu," alimwambia, kwa heshima ya Kihaya, "leo sikuja kwa ajili ya dawa. Nimekuja kukuomba kazi. Nina wodi nzima ya watu wasiojua kuandika majina yao."

Mwalimu alinyoosha mikono mbele yake. "Matroni, tazama. Chaki itanishinda."

"Na wao kalamu inawashinda. Mtatetemeka pamoja."

Mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni alicheka, akajiziba mdomo. Mwalimu naye akacheka, na nilishangaa kuona ana mwanya. Sikuwahi kuuona.

Alipatiwa pa kulala kwa katekista karibu na hospitali, siku za kazi. Asubuhi alikunywa dawa yake, akanywa chai, akaenda kibarazani ambako wagonjwa walimsubiri na vibao vyao. Wiki za kwanza mistari yake ubaoni ilipanda na kushuka kama vilima vya huku kwetu. Hakuna aliyemcheka. Bibi mmoja alipoandika jina lake kwa mara ya kwanza, alisimama akampigia magoti kama anavyopigiwa mkubwa, na mwalimu akamwinua haraka, ameona haya.

Miezi saba hakukosa siku. Kisha mama yake akafariki, akaenda kuzika. Siku ya pili matroni aliongea na daktari, akatoka amebeba mkungu wa ndizi kama mwombolezaji yeyote, na mkobani mwake vichupa vilivyopimwa. Nilifuatana naye, na msibani tuliketi na wanawake, tukalia nao. Baadaye alimwita mwalimu kando ya nyumba.

"Pole, Mwalimu. Kunywa."

Alikunywa. Kisha akaketi chini kwenye majani makavu, akalia kwa sauti kama mtoto. Aliponyamaza alitueleza kwamba jioni ile alikuwa amekubaliana na mtu wa kumletea sindano. Matroni alimpangusa majani mgongoni, na kabla ya kuondoka akamkabidhi mkewe vichupa vya siku zilizobaki za msiba.

Ilichukua mwaka na zaidi hadi kikombe chake kikawa maji matupu, na yeye akijua ni maji matupu. Alirudi shuleni. Mkunga naye alimaliza, akahamishiwa zahanati nyingine ambako hakuna aliyejua habari zake. Dereva hakumaliza. Tulimfuata mara nyingi. Mara ya mwisho mkewe alitwambia amefia Mwanza.

Tulipoandika taarifa ya utafiti, matroni alimweka dereva ukurasa wa kwanza. Nilisimamisha taipu.

"Matroni, wakianza na huyu hawatatupa fedha tena."

"Hawakutupa tuwafurahishe. Walitupa tujue. Piga."

Nikapiga. Taarifa ilieleza yaliyowarudisha watu na yaliyowafukuza, na dirisha letu la zamani lilitajwa waziwazi. Walitupa tena. Fedha za pili zilitumika kuwafuata wagonjwa wa kifua kikuu waliokatisha dawa, kwa swali lilelile na chai ileile, na hospitali nyingine za mkoa zikawaleta wauguzi wao kujifunza.

Alipostaafu aliniachia madaftari. Nilidhani nimeyajua yote, kwa kuwa mengi niliyaandika mimi kwa kuambiwa. Lakini katika moja, kwa mwandiko wake, nilikuta mistari michache: "Leo ilikuwa zamu yangu kwenda kwa dereva. Mvua. Sikwenda. Ningeweza kwenda." Hapakuwa na mtu aliyemdai maelezo hayo. Aliyaandika tu, kwa kuwa alikuwa amewataka wagonjwa waseme kweli, na hakuona sababu ya yeye kutosema.

Mwezi uliofuata nilikabidhiwa wodi niisimamie. Nilikwenda nyumbani kwake kumuuliza nianzeje. Alikuwa akipalilia kahawa. Alinipa jembe la pili, tukalima mpaka saa sita, na akaniuliza habari za kila mgonjwa kwa jina.