Joto la Sebuleni

Nikipita mtaa wa Sulimaniya hapa Riyadh jioni, moshi wa mkaa wa wachoma nyama ukanipiga usoni, huwa navuka barabara. Wenzangu hudhani nahofia nguo zangu kunuka. Nawaacha wadhani hivyo, lakini nyinyi nitawaambia.

Tulihamia Riyadh kutoka Jeddah nikiwa na miaka minane, baba alipopata mkataba mpya wa ufundi wa umeme. Kule Bani Malik, mtaa wetu wa Jeddah, baridi ilikuwa ni ile miezi ya kulala bila feni tu. Riyadh ilitupokea kwa upepo mkavu uliopenya kwenye fremu za madirisha mpaka mapazia yakacheza, na kuta za tofali ambazo ukizigusa unarudisha mkono. Mama, mtu wa Unguja asiyewahi kumiliki soksi, akawa anavaa za baba mbili mbili, akitembea kama bata. Mimi na mdogo wangu Maimuna tulimcheka mpaka akacheka na yeye.

Ndipo akanunua seredani. Aliijaza mkaa, akaiweka katikati ya sebule, akasokomeza matambara kwenye nyufa za madirisha. Tulikaa tukiielekezea nyayo zetu, mikate ikipata moto pembeni, chai ya iliki mkononi. Sijapata tena raha kama ile.

Maimuna alikuwa na pumu. Akaanza kukohoa.

"Baridi imemwingia kifuani," mama alisema, akaongeza mkaa. Kadiri mtoto alivyokohoa, ndivyo alivyomsogeza karibu na moto.

"Hewa ya humu nzito, Mama Nasra," baba alimwambia siku moja. "Tufungue dirisha kidogo."

"Unataka mwanangu afe kwa baridi?"

Baba akaliacha dirisha lilivyo.

Alasiri moja midomo ya Maimuna ikageuka rangi. Tulimkimbiza hospitali kwa teksi, mama amempakata, anamsomea. Hatukurudi naye. Daktari alizungumza na baba kwa Kiarabu, kwa sauti ya chini, nami nikaambulia neno moja tu: faham, mkaa. Mama alikuwa karibu yangu. Naye alilisikia.

Baada ya matanga baba alinunua hita ya umeme katika duka la chini ya nyumba yetu, zilikokuwa zikiuzwa siku zote. Akabandika sponji kuzunguka madirisha, akafunika ukuta wa upande wa upepo kwa mabamba ya povu. Sebule ikapata joto safi, mpaka nikavua sweta.

Mama hakukaa humo. Alijitanda shali akakaa jikoni, kwenye vigae, dirisha wazi.

"Mama, njoo huku kuna joto."

"Kaa wewe, mwanangu. Mie sisikii baridi."

Alikuwa anatetemeka. Baba naye, akirudi kazini, alichukua chai yake akaenda kuketi kando yake, koti hajalivua. Mimi nilibaki peke yangu na hita, nikiamini wamenichukia kwa kuwa ndimi niliyebaki.

Leo nina binti wangu, na ndipo nimeelewa. Joto lile lilikuwa limechelewa, na mama hakuweza kuliota. Baba angeweza kumkumbusha habari ya dirisha. Hakumkumbusha hata mara moja. Aliziba nyumba nzima, kisha akaenda kukaa na mkewe kwenye baridi.