Balozi Asiye na Choo

Ndugu zangu wa Nakwa, mmeniomba nieleze nilivyopona kipindupindu. Nitaeleza. Ila niseme la aibu kwanza nisije nikalikwepa: mimi balozi wenu wa nyumba kumi sikuwa na choo.

Kipindupindu kilipoingia Babati, mabwana afya walitukabidhi mabalozi kazi ya kukagua vyoo. Weee, kichwa kikavimba! Nikachungulia shimo la kila mtu. Mama Veronika, jirani yangu wa bondeni, mjane, nilimgombeza mbele ya watoto wake: "Hili ni shimo au tundu la panya? Chimba!" Akachimba mwenyewe kwa jembe. Changu kilikuwa kimetitia tangu masika. Kila siku nasema kesho. Alfajiri najipenyeza vichakani, juu ya kijito kinachoshuka bondeni, maana nani angemkagua balozi?

Halafu nikaenda Maisaka kwa shemeji, nikanywa pombe ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimetangaza marufuku. Kesho yake asubuhi, nimesharudi nyumbani, tumbo likafunguka. Mara mbili niliwahi vichaka vile vile. Ya tatu sikufika, nilijichafua nimesimama. Yalikuwa maji matupu, meupe kama ya kuoshea mchele. Misuli ya miguu ikakaza, macho yakazama, sauti ikakauka. Mke wangu analia, "Baba Yona, usituache!"

Wakanibeba kwa machela hadi kambi ya wagonjwa. Kitanda kina tundu katikati, ndoo chini. Dripu mikono yote miwili. Daktari akasema, "Ungechelewa kidogo tu, tungekuzika."

Siku ya pili wakamlaza kando yangu mtoto. Alikuwa Veronika, miaka tisa, ngozi imelegea kama ya bibi kizee. Daktari akamuuliza mama yake maji wanachota wapi.

"Kijitoni, daktari. Kuni za kuchemshia hazitoshi. Lakini choo tunacho kizuri. Balozi huyu hapa ni shahidi."

 Watu wanaendelea kuchota, mimi nimegeukia ukutani! Nilinyamaza siku nzima.

Kesho yake Veronika akafumbua macho, akaniona. "Shikamoo, balozi."

Sikuitikia marahaba. Nikalia, nikamwita daktari. "Waambieni watu wasichote kijitoni. Ni mimi. Nimekuwa nikienda haja pale juu." Mama Veronika alikuwa anasikia.  Alimfunika mwanawe khanga.

Mungu ni mwema, Veronika alipona. Nawashukuru madaktari, na ninyi mlionibeba na uchafu wangu. Chemsheni maji, nawieni hata majivu kama sabuni hakuna. Na balozi akija kukagua, mwambieni aanze kwake.

Niliporudi nyumbani nilianza kuchimba. Shimo lilipofika kiunoni, Mama Veronika akapita na ndoo yake. Akasimama ukingoni, akachungulia mpaka chini. Nikainamisha uso.

"Bado halina kina, balozi," akasema. "Chimba."

Nikachimba.