Roboti ya Kuzoa Chumvi

Jumamosi nilikuwa shuleni Marereni, watoto wakishindana kuunda roboti kwa vipande vya plastiki. Sharti la mchezo: itatue shida ya nyumbani. Msichana mmoja aliunda ya kuzoa chumvi.

"Mama nyayo zimempasuka kwa kusimama majini kule mashamba ya chumvi," alieleza. "Hii itampumzisha."

Roboti ikazoa, ikajaza kopo, tukapiga makofi. Mgeni wa heshima, msimamizi wa mashamba hayo hayo, akainama kuitazama.

"Yaweza kufanya kazi ya watu wangapi?"

"Kumi," mtoto akajibu kwa fahari.

Mamake, aliyekaa mbele yangu, akavuta miguu chini ya kiti. "Zima, mwanangu," akasema taratibu.

Majaji walimpa ushindi kwa kutatua shida ya nyumbani. Hawakusema nyumbani kwa nani.