Nyasi Mbele ya Katibu

Chuo kilitufukuza kwa kukaa siku tatu mlangoni kwa mkuu, tukidai wenzetu wawili warudishwe. Ili nirudi masomoni, nilitakiwa kupeleka barua ya katibu kata wa huku kwetu Karatu kwamba nimejuta. Hasira ya jambo hilo haijanitoka hadi leo.

“Andika umejuta, binti, nigonge muhuri,” alisema katibu.

“Ndugu Katibu, nijutie kukaa chini? Kwani sakafu imelalamika?”

Foleni nzima ikacheka. Katibu akaufungia muhuri kwenye droo.

Nyuma yangu alikuwapo mama wa Kimaasai aliyefuata kibali cha kuuza ng'ombe. Akatoka nje, akang'oa nyasi, akarudi na kuzishika mbele ya katibu. Katibu, naye Mmaasai, akasimama. Kwao anayeshika nyasi anaomba amani, na hakataliwi.

“Yeyo, mama yangu, umeniweza,” akanung'unika. Akaandika kwamba nina tabia njema, akagonga muhuri.

Mimi, bingwa wa midahalo, nikamkimbilia mama nje alipotoka na kibali chake. “Asante, mama. Lakini sikukosa hata niombewe amani!”

“Ungekuwa umekosa,” akanijibu, “nyasi ningekupa uzishike mwenyewe.”